Fatwa ya Dereva Yakubu

Yakubu alikuwa pande la mtu. Akipanda kamyo, upande wa dereva ulilala kidogo, na akipiga honi kwenye kona za barabara ya Rutshuru, wachukuzi wa ndizi walijitupa kwenye majani kabla hata gari halijatokea. Alikuwa na sharubu nene na sauti nene. Kwenye izini, yaani kiwanda cha kahawa, pale Goma, ambako buni ilikuja kuchambuliwa na kutiwa magunia, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa madereva, na watu waliamini hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kumtisha. Hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini hivyo, maana ilikuwa miaka mingi tangu mtu amkaribie na sindano.

Habari ya sindano ilianzia utotoni. Huko Kasongo, upande wa Maniema, alipata buba, akapelekwa pamoja na watoto wengine kudungwa. Wenzake wote walilia. Yakubu hakulia, kwa sababu alizirai kabla zamu yake haijafika, wakamdunga akiwa amelala chini kama kuku aliyekwisha chinjwa. Buba ilipona. Hofu haikupona. Hata sasa, baba wa watoto wanne, akimwona mkewe Asumini anashona kanzu, alikigeuza kiti chake akatazama dirishani kana kwamba kuna mgeni anakuja. Asumini alilijua jambo hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, na kwa huruma yake hakuwa amemwambia mtu.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, Ramadhani iliangukia masika. Mfungo ulikuwa umekolea pale habari zilipofika kutoka Kibati kwamba ndui imeingia katika nyumba moja karibu na barabara na kumshika mtoto. Serikali ikatoa amri ya haraka: kila mfanyakazi wa kampuni achanjwe, na asiyechanjwa asiguse kazi. Basi asubuhi moja, wafanyakazi walipofika izini, walikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe barazani mwa ghala, taa ndogo ya spiriti inawaka, na nyuma ya meza amesimama Célestin, munganga wa dispanseri, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

Célestin alikuwa kijana wa Rutshuru, mtaratibu, Mkatoliki wa kusali rozari. Aliwaita watu kwa vyeo vyao. Kwa heshima, akaanza na mkubwa wa madereva.

Yakubu alisogea. Mpaka hapo alikuwa amejiambia kwamba mambo ya utoto ni mambo ya utoto. Kisha Célestin akachukua kidude cha chuma, akakipitisha juu ya moto wa ile taa, na ncha yake ikang'aa. Masikio ya Yakubu yakaanza kuvuma. Alijua kinachofuata: dakika moja nyingine angekuwa sakafuni, sharubu zote na sauti yote, mbele ya wapakiaji ambao kila siku aliwaita wanawake kwa sababu wanalalamika magunia ni mazito.

Mdomo wake ukamwokoa kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

"Miye niko nafunga," alisema.

Célestin akamtazama kwa upole. "Kufunga ni kwa mudomo, Papa Yakubu. Hii ni kwa mukono."

"Kitu chenye kuingia mu mwili kimeingia tu," Yakubu akasema, na kila neno lilipotoka, alishangaa lilikotoka. "Mudomo, mukono, yote ni mulango. Mwezi huu milango yetu iko imefungwa. Dini inakataza."

Alilisema kwa ile sauti nene, na kwa kuwa alikuwa akijitahidi asianguke, uso wake ulikuwa umekakamaa na macho yametazama mbali juu ya vichwa vya watu. Waliomwona siku hiyo walisema baadaye kwamba alionekana kama mtu aliye tayari kufa kwa ajili ya imani yake. Hawakukosea sana. Alikuwa karibu kufa kweli, ila sababu ndiyo waliyoikosa.

Kelele zikaanza kwenye mstari, na kelele zikamleta Bwana Kiko. Huyo alikuwa Mbelgiji mwenye kampuni, na jina hilo walimpa wafanyakazi kwa sababu ya kiko alichokitoa mdomoni wakati wa kula tu. Bwana Kiko hakuwa mtu mbaya wala mtu mwema. Alikuwa mtu mwenye kahawa nyingi inayongoja kusafirishwa. Célestin akamweleza. Bwana Kiko akatazama mvua iliyokuwa ikikusanyika upande wa mlima wa Nyiragongo, akatazama kamyo, akamtazama Yakubu, dereva pekee aliyeweza kuvuka matope ya Rumangabo bila kuvunja ekseli. Mwishowe akasema kwa Kiswahili chake kwamba Waislamu wangojee mpaka sikukuu, wengine wachanjwe sasa, na asisikie tena kelele.

Ingalikomea hapo, Yakubu angalishukuru Mungu akaenda zake. Lakini nyuma yake katika mstari alikuwapo mpakiaji mmoja anayeitwa Hitimana, mtu wa Masisi, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza maswali. Hitimana naye alikuwa ameiona ile ncha ikimetameta.

"Na miye," Hitimana akasema. "Miye pia niko mu hiyo dini."

Watu wote walijua kwamba Hitimana alibatizwa, na jina lake la ubatizo ni Paul. Célestin mwenyewe alikuwa amepiga magoti karibu naye siku ya Pasaka. Munganga akageuka kwa Yakubu na kumuuliza kama ni kweli. Hitimana naye akamtazama Yakubu, na katika macho yale Yakubu akaiona hofu ile ile yake mwenyewe, kama mtu aliyeonyeshwa kioo. Angemkataaje?

"Anajifunza," Yakubu akasema.

Neno hilo likapita kwenye mstari upesi kuliko ndui yenyewe. Ikagundulika kwamba karibu nusu ya wapakiaji walikuwa wanajifunza. Mmoja alikuwa na medali ya Bikira Maria shingoni. Akaitia ndani ya shati, akasema alianza kujifunza jana. Célestin akawachanja waliobaki, akaizima taa yake, akafungasha vyombo vyake polepole kama mtu anayeondoka kwenye karamu ambayo watu hawakula. Alipopita karibu na Yakubu alisimama.

"Ile mutoto wa Kibati alikufa jana," alisema kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Yakubu aliporudi mtaani kwake Majengo jioni ile, habari ilikuwa imemtangulia. Asumini alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani watatu, kila mmoja akiongeza chumvi yake, kwamba mumewe amesimama mbele ya Mzungu akaitetea dini. Alimngoja mpaka akaingia na mlango ukafungwa. Kisha akacheka. Alicheka akishika nguzo ya nyumba, alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani, na kila alipojaribu kunyamaza aliitazama sharubu ya mumewe akaanza upya. Yakubu alikaa juu ya mkeka, amenuna, akingoja adhana. Hata yeye, lazima isemwe, kona ya mdomo wake ilicheza kidogo.

Asumini alipokwisha kucheka alijipangusa macho, akauliza jambo moja tu: na hiyo ndui ikiingia humu ndani, ataiambia nini, kwamba milango imefungwa?

Yakubu hakupata nafasi ya kutafuta jibu, maana utukufu ulikuwa umeanza. Msikitini walimsogeza mstari wa mbele, mahali ambapo hajawahi kusimama maisha yake yote, na ambapo hawezi tena kuchungulia jirani anafanya nini akisahau rakaa. Wazee wa Kimaniema waliokuwa wakimpita bila salamu sasa walimshika mkono kwa mikono miwili. Nyumba moja ilimletea uji wa futari, nyingine samaki wa ziwani. Aliyekuwa kiongozi wao wa kweli, Maalimu Useni, alikuwa safarini Bukavu kwa mambo ya msiba, na kwa kuwa yeye hayupo, watu wakaanza kumletea Yakubu maswali.

Walimuuliza kama vumbi la kahawa likiingia kooni linafungua saumu. Yakubu hakujua, akakunja uso, akasema wateme mate kwa wingi. Basi wapakiaji, Waislamu na wanaojifunza, wakatema asubuhi mpaka jioni, ghala zima likawa halipitiki, na Bwana Kiko akateleza mlangoni mwake mwenyewe akaangusha kiko. Walimuuliza kama kuota umekula nyama kunafungua. Akasema inategemea nyama ya nini. Usiku huo alijifunika shuka mpaka kichwani kwa aibu.

Lakini msiba wake mkubwa ulikuwa tumbo. Miaka yote, Yakubu alikuwa na namna yake ya kufunga. Dini inamruhusu msafiri ale kisha alipe siku zake baadaye, na Yakubu aliipenda sana ruhusa hiyo, ile sehemu ya kwanza hasa. Kwake safari ilianza gari likiacha nyumba za mwisho za mji. Kule Rumangabo kulikuwa na mama mmoja, Kahambu, anayechoma mahindi kando ya barabara, na Kahambu alizoea kumwekea Mwislamu wake mahindi mawili laini kila Ramadhani. Ile sehemu ya pili ya ruhusa, ya kulipa siku, Yakubu alikuwa akiifikiria kila mwaka mpaka mwaka mwingine unaingia.

Sasa haikuwezekana. Hitimana aliomba apangwe kwenye kamyo yake, akae karibu na anayemfundisha. Alikuwa amefunga kweli. Mtu aliyeingia dini kwa kukwepa chanjo alikuwa akiamka kula daku, akinawa miguu mpaka magotini, na njia nzima ya kwenda na kurudi alimuuliza Yakubu maneno: malaika wana kazi gani, mbwa akikugusa unafanyaje, kwa nini Mungu hakuweka mfungo wakati wa baridi. Walipofika Rumangabo, Kahambu akainua mahindi yake mawili, moshi mtamu ukaingia dirishani. Yakubu akatazama mbele, akakanyaga mafuta, akapita. Kahambu alibaki amesimama barabarani na mahindi mikononi, anashangaa amemkosea nini.

"Naona unavyovumilia, Papa," Hitimana alisema kwa heshima. "Na miye ninajifunza kwako."

Yakubu alimeza mate, kisha akakumbuka hajui kama kumeza mate kunafungua.

Siku zikaenda hivyo, Yakubu akikonda kwa uongo wake mwenyewe, mpaka asubuhi moja Hitimana hakuja kazini. Wakati wa mchana akafika mpakiaji mwingine akasema Hitimana ana homa kali, na ngozi yake imetoka malengelenge.

Wale waliokuwa wanajifunza wakatazamana, na mmoja akaanza kujikuna mkono. Yakubu hakuuliza ruhusa kwa mtu. Aliwasha kamyo tupu, akaenda dispanseri, akamkuta Célestin anafunga kidonda cha mguu wa mtu, akamwambia waende kwa Hitimana. Yakubu aliendesha vibaya kuliko siku zote za maisha yake; gia zililia, na mara moja aliingia mtaroni mahali ambapo hapakuwa na kona.

Célestin aliingia ndani peke yake, akamzuia Yakubu mlangoni. Nje alikuwa amekaa Nyiramahirwe, mke wa Hitimana, na mtoto mgongoni. Yakubu akakaa naye juu ya jiwe jeusi la volkano. Alitafuta maneno ya kumpa, akakuta yote yaliyo mdomoni mwake ni yale ya kujigamba, hayafai kitu hapa.

Nyiramahirwe ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Nilimuambia aende kwa dawa," alisema. "Akasema hapana. Akasema Papa Yakubu ni mutu wa Mungu, hawezi kumudanganya mutu."

Yakubu alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, ya kuzungusha usukani wa kamyo iliyojaa kahawa. Akilini alimwona Hitimana amelazwa katika ardhi, alimwona huyu mama anarudi Masisi na mtoto mgongoni, na aliwaona watu wakisema, kwa heshima kabisa, kwamba marehemu alikufa kwa ajili ya dini. Dini gani? Dini ya Yakubu ya kuogopa kitu chenye ncha. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame, aliomba kwa moyo wake wote. Hakukumbuka maneno ya Kiarabu hata moja. Aliomba kwa Kiswahili, kama mtu anayebembeleza askari wa barabarani.

Célestin alitoka akinawa mikono kwa spiriti. Alimaliza kwanza kidole kimoja kimoja, labda kwa makusudi. Kama ni hivyo, alikuwa na haki.

"Ni tetekuwanga," akasema. "Ya watoto. Alikosa kuipata akiwa mutoto, basi ameipata leo. Atajikuna, atapona."

Nyiramahirwe akafunika uso kwa nguo. Yakubu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kumkumbatia Célestin, lakini Célestin alikuwa amerudi nyuma hatua moja, akimtazama.

"Safari hii ni tetekuwanga," munganga akasema.

Ikawa bahati, ama mpango wa Mungu, kwamba Maalimu Useni alikuwa amerudi kutoka Bukavu jana yake. Yakubu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Maalimu, akamkuta uani anafuma mkeka. Maalimu Useni alikuwa mzee mfupi, mkimya, na uso wake wote ulikuwa na mashimo madogo madogo kama mawe ya lava. Watu wa Majengo walikuwa wameuzoea uso ule, hawakuuona tena. Siku hiyo Yakubu aliuona.

Alivua viatu, akakaa chini, akaeleza mambo yote. Alieleza buba na Kasongo, na ile ncha iliyong'aa, milango iliyofungwa, wale waliojifunza, mate ghalani, mpaka mahindi ya Kahambu ya miaka iliyopita, ambayo hakuna mtu aliyemuuliza. Maalimu aliendelea kufuma. Yakubu alipofika kwenye nyama ya ndotoni, mabega ya mzee yalitikisika kidogo, lakini uso haukubadilika.

"Nani alikufundisha kama chanjo inafungua saumu?" Maalimu akauliza mwishowe.

Yakubu akasema hakuna. Ilitoka mdomoni yenyewe.

"Wazee wetu waliumikwa pembe mu Ramadhani, damu ikatoka, na saumu yao ikabakia," Maalimu akasema. "Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuwa naogopa kuuliza, Maalimu. Ungalisema ndiyo, nichanjwe."

Sasa Maalimu aliweka mkeka chini. Alisema kwamba mama yake alizaa watoto saba, na kwamba ndui ilipopita katika nyumba yao, alibaki yeye na uso huu. Alimuuliza Yakubu kama anaweza kuyasema mbele ya wafanyakazi maneno aliyoyasema hapa uani. Yakubu akauliza kama ni lazima aseme na habari ya mahindi. Maalimu akafikiri, akasema mahindi yabaki kati yake na Mungu, ila ayalipe.

Kesho yake mchana, meza yenye kitambaa cheupe ilirudi barazani. Célestin aliwasha taa. Bwana Kiko alisimama mlangoni pake, akikanyaga kwa uangalifu. Maalimu Useni akaja kwa miguu kutoka Majengo, amevaa kanzu safi na kofia, akasimama wa kwanza katika mstari na kukunja mkono wa kanzu.

Célestin aliutazama uso wake. "Muzee, weye huna lazima. Ulikwisha kuipata. Haiwezi kurudi."

"Najua," Maalimu akasema. "Chanja."

Célestin akamchanja. Wapakiaji walisogea karibu kuona. Maalimu akawageukia, mkono bado wazi, akawaambia kwamba amefunga tangu alfajiri, amefunga hata sasa, na jioni atafuturu pamoja nao. Kisha akamtazama Yakubu.

Yakubu alipanda juu ya gunia ili aonekane, ingawa hakuna mtu aliyewahi kushindwa kumwona. Sauti nene ilikataa kutoka. Iliyotoka ilikuwa nyingine, nyembamba, ambayo hata yeye hakuitambua.

"Haikuwa dini," alisema. "Ilikuwa woga. Naogopa sindano tangu niko mutoto. Niliisingizia dini, nanyi mukanifuata. Munisamehe."

Alingoja kicheko. Hakikuja, na kutokuja kwake kulimuumiza. Watu walikuwa wanamtazama kwa mashaka, kwani wengi waliona hii nayo ni namna ya unyenyekevu wa watu wa Mungu. Mpakiaji mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba tazama anavyojishusha. Yakubu akaona kwamba uongo umeota mizizi kiasi kwamba ukweli peke yake hauwezi kuung'oa. Basi akashuka, akaenda mezani, akatoa mkono.

Alikuwa amepanga kutotazama. Alitazama. Akagundua kwamba kile kidude kilichomtesa siku zote hizo hakikuwa hata sindano. Kilikuwa kama nibu ya kalamu ya shule, cha kukwaruza ngozi tu. Akataka kumwambia Célestin jambo hilo, kwamba kumbe ni nibu. Akafungua mdomo, nibu ikagusa ngozi, na mkubwa wa madereva akaenda chini na meza, kitambaa cheupe na taa, akaangukia magunia ya kahawa ya daraja la kwanza, na vumbi likapanda mpaka kwenye mabati.

Hapo sasa waliamini.

Alipofumbua macho, alikuwa amelala chali na duara la nyuso juu yake, na zote zilikuwa zinacheka. Walicheka wapakiaji, alicheka yule mwenye medali, na Célestin alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika ndani ya shati lake lililopigwa pasi. Mtu alikuwa ameleta chupa ya maji baridi ya Bwana Kiko ili kummwagia usoni. Yakubu aliiona chupa, akaishika, akanywa. Kwenye funda la kwanza alikumbuka kwamba amefunga. Lakini maji yalikuwa baridi, na funda la pili lilikuwa tayari njiani.

Maalimu Useni aliinama juu yake. Akatangaza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba ndugu Yakubu amechanjwa na chanjo haikufungua saumu yake. Alichokifanya baada ya chanjo ndicho kilichoifungua, na siku hiyo atailipa.

Waliobaki wakachanjwa wote, Waislamu na wanaojifunza. Hakuna aliyeanguka, walikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba wao si Yakubu. Bwana Kiko alisema kahawa iliyomwagika kwenye magunia yaliyopasuka izolewe, akarudi ndani. Hitimana alipopona, akiwa na madoadoa ya dawa usoni, naye alitoa mkono wake. Jumapili alirudi misa pamoja na Nyiramahirwe. Ila mfungo aliumaliza mpaka siku ya mwisho, akisema alikwisha kuuanza, na siku ya sikukuu alikuja kwa Asumini kula pilau kama mtu aliyeifanyia kazi.

Ndui iliwaua watu kule Kibati na vijiji viwili vya jirani, lakini izini haikuingia. Baada ya sikukuu, amri ikatoka kwamba mji mzima uchanjwe, nyumba kwa nyumba. Watu wa Majengo wakasita, wengine wakajifungia. Célestin akaja kwa Yakubu na kumuomba amsindikize. Yakubu akamuuliza msaada gani anaoweza kuutoa yeye, mtu ambaye habari zake zinasimuliwa mpaka sokoni na watoto wanajiangusha njiani kwa kumuigiza. Célestin akasema ni kwa sababu hiyo hiyo.

Basi wakazunguka pamoja. Kila uani Célestin aliweka kibao chake, na Yakubu alisimama kando na kuanza kusema, kabla hajaulizwa, kwamba ndiyo, ni yeye, na ndiyo, alianguka, na kidude chenyewe ni kama nibu. Watu walicheka, na wakiwa bado wanacheka walitoa mikono. Uani kwa Mama Saumu, bibi kizee wa Kimaniema aliyekuwa ameapa kwamba hatachanjwa na mtu, yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwamuru asogee karibu, asimame pale anapoweza kumwona vizuri. Kisha akatoa mkono wake mkavu. Wakati wote Célestin alipokuwa akimkwaruza, bibi hakutazama chanjo hata mara moja. Alikuwa anamtazama Yakubu, mashavu yameingia ndani kwa furaha, anangoja aanguke. Yakubu alishika nguzo ya paa kwa mikono yote miwili, akaanza kuwahesabu kuku wa watu.